Imara pembeni, legevu katikati: siri ya umbo la DNA

Chukua ndizi iliyoiva mpaka imeanza kuweka madoa meusi. Imenye, iponde kwa uma ndani ya bakuli, kisha tia nusu glasi ya maji, kijiko kidogo cha chumvi na matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo. Koroga taratibu usije ukatoa povu. Iache dakika 10, ichuje kwa chujio la chai, na maji yake uyatie kwenye glasi nyembamba. Sasa mimina spiriti kali iliyolala kwenye friji, ukiiteremsha polepole ubavuni mwa glasi ili ielee juu. Subiri kidogo. Pale spiriti inapokutana na maji ya ndizi patajitokeza wingu jeupe lenye utelezi na nyuzinyuzi. Ingiza kijiti, zungusha, na nyuzi zitajisokota kwenye ncha yake. Umeopoa DNA, nyuzi zisizohesabika zilizoshikana, pamoja na masalia ya protini na ute wa tunda.

Kila kilichotiwa kwenye bakuli kilikuwa na sababu. Sabuni huyeyusha mafuta ya utando wa seli na wa kiini chake, kama inavyoyeyusha mafuta ya sufuria. DNA ina chaji hasi mwili mzima, kwa hiyo nyuzi zake husukumana. Chumvi huituliza chaji hiyo ili ziweze kukaribiana. Spiriti nayo huifanya DNA ishindwe kubaki imeyeyuka, ikajitenga na maji. Bila hadubini tumekwisha kujua kwamba kitu hiki ni kirefu kiasi cha kusokotwa, na kwamba kimebeba umeme wa upande mmoja. Yote mawili yanatokana na namna vipande vyake vilivyoundwa.

Tanzania imezoea kukiita kitu hiki vinasaba, jina lililozaliwa na nasaba: fulani ni mtoto wa nani, mjukuu wa nani. Kenya wengi husema DNA tu. Jina vinasaba limetufaa mahakamani na magazetini, ila limetufinyia fikra. Tukilisikia tunawaza baba na mtoto, kumbe urithi ni sehemu tu ya kazi. Ndani ya ini la bibi wa miaka 80, aliyeacha kuzaa zamani, DNA inasomwa usiku na mchana, inaharibika na inakarabatiwa. Makala haya yanashika hoja moja: kazi hizo zote zinasomeka kwenye umbo la kipande kimoja kidogo, nyukleotidi, na kwenye namna vipande hivyo vilivyoungana. Vimefungwa kwa nguvu pembeni na kwa ulegevu katikati.

Kipande kimoja, vitu vitatu

Nyukleotidi ina vitu vitatu. Katikati ipo sukari ndogo yenye kaboni 5, ambazo wanakemia wamezipa namba. Kwenye kaboni ya 1 imening'inia besi, kitu bapa chenye naitrojeni nyingi. Kwenye kaboni ya 5 imekaa fosfeti, ambayo ndiyo yenye ile chaji hasi tuliyoituliza kwa chumvi. Kaboni ya 3 ina oksijeni na haidrojeni zinazofanya kazi ya kulabu: hapo ndipo fosfeti ya nyukleotidi inayofuata inapojishika. Ya pili ikijishika kwa ya kwanza, ya tatu kwa ya pili, mnyororo unarefuka, na daima unakuwa na ncha mbili zisizofanana, ncha ya 5 na ncha ya 3. Kwa hiyo mnyororo una mwanzo na mwisho, kama sentensi. Ukisomwa kinyumenyume hautoi maana ileile.

Besi za DNA ni nne. Adenini na guanini ni kubwa, kila moja ina pete mbili za atomu. Jamii yao huitwa purini. Sitosini na thimini ni ndogo, zenye pete moja. Tutaziita kwa herufi zao: A, G, C na T.

RNA, ndugu wa DNA, inatofautiana nayo kwa mambo mawili. Mahali pa thimini ina urasili, yaani U, na sukari yake ina oksijeni moja zaidi kwenye kaboni ya 2. Oksijeni hiyo ni mdudu ndani ya nyumba, kwani huweza kuushambulia mnyororo wake wenyewe na kuukata. Ndiyo maana RNA haidumu, na seli huitumia kwa ujumbe wa muda. DNA haina oksijeni hiyo, na ikipata mahali pakavu au pa baridi huweza kukaa kwenye mifupa kwa karne nyingi. Tutalihitaji jambo hili tukifika kwenye makaburi ya Kilwa.

Nyukleotidi zisizokaa kwenye uzi

Kabla ya kuusuka uzi, tuziangalie nyukleotidi zinazotembea peke yake, maana hapo ndipo tunapokutana nazo kila siku bila kuzitambua.

Adenini ikipata sukari ya RNA na fosfeti tatu zilizofuatana huitwa ATP. Fosfeti hizo zote zina chaji hasi, zinasukumana, na ya mwisho ikikatwa hutoka nishati. Msuli unaokunja mkono, neva inayopeleka taarifa na figo inayochuja damu vyote hulipa kwa sarafu hii. Mtu mzima hutengeneza na kutumia kwa siku ATP yenye uzito unaokaribia uzito wa mwili wake, ilhali iliyomo mwilini kwa wakati mmoja haifiki nusu kilo, maana sarafu ni zilezile zinazozunguka. Tena ATP hiyohiyo, seli ikiandika RNA, hutumika kama herufi A. Pesa na herufi ni kitu kimoja.

Unapokesha, ATP zinatumika, na adenosini, yaani adenini na sukari yake bila fosfeti, hujikusanya kwenye ubongo na kuleta usingizi. Hapo ndipo kahawa inapoingia. Kafeini nayo ni jamii ya purini, inafanana na adenini kiasi cha kukaa kwenye kiti cha adenosini bila kufanya kazi yake. Kikombe kidogo cha kahawa chungu barazani hakikuongezei nguvu hata chembe; kinaziba tu masikio ya ubongo usisikie habari ya uchovu.

Jongo pia ni habari ya nyukleotidi. Adenini na guanini zikivunjwavunjwa mwilini huishia kuwa asidi ya yuriki. Ikizidi kwenye damu hujenga vijiwe vyembamba kama sindano kwenye kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu, na mtu huamka usiku akilia kwa maumivu. Maini, figo na dagaa zina seli nyingi zilizosongamana, kwa hiyo zina purini nyingi, na ndiyo maana daktari humkataza mgonjwa kuzila ovyo. Wanyama wengi wanyonyeshao wana kimeng'enya cha kuivunja asidi hiyo. Sisi pamoja na sokwe jeni yake tunayo, lakini imebaki gofu: herufi zake bado zimo, ila haizai kitu.

Nyuzi mbili

Mwaka 1869, katika mji wa Tübingen nchini Ujerumani, daktari kijana wa Uswisi aitwaye Friedrich Miescher alikuwa akiosha usaha kutoka kwenye bendeji za hospitali. Maabara yake ilikuwa jiko la zamani la ngome, kwa hiyo sisi na ndizi yetu hatukupotea njia. Ndani ya viini vya seli za usaha alipata kitu chenye fosforasi nyingi kisichofanana na protini, akakiita nyukleini.

Kwa miaka mingi kitu hicho kilidharauliwa. Wengi waliamini kwamba zile besi nne zinajirudia kwa mpangilio mmoja, na chenye kujirudia hakina habari ya kusimulia. Protini, zenye aina 20 za asidi amino, ndizo zilizodhaniwa kubeba urithi. Mwaka 1944 Oswald Avery na wenzake jijini New York walionyesha kwamba bakteria wa nimonia asiyedhuru hugeuka kuwa wa hatari akipewa DNA ya yule wa hatari, na wakiiharibu DNA hiyo mageuzi hayatokei. Miaka michache baadaye Erwin Chargaff wa Chuo Kikuu cha Columbia alipima besi za viumbe mbalimbali na kukuta kwamba A daima ni sawa na T, na G ni sawa na C. Kwa binadamu A ni kama asilimia 30 na G kama asilimia 20. Kwa kiumbe kingine viwango hubadilika, lakini usawa wa jozi unabaki palepale.

Kilichokosekana ni umbo. Katika Chuo cha King's jijini London, Rosalind Franklin alikuwa akipiga DNA kwa eksirei. Mei 1952, yeye na mwanafunzi wake Raymond Gosling walipata picha yenye alama ya msalaba wa madoa meusi, dalili ya kitu kilichojizungusha kama ngazi ya mnara. Mwanzoni mwa 1953 Maurice Wilkins, aliyekuwa chuo hichohicho, alimwonyesha James Watson picha hiyo bila Franklin kujua. Watson na Francis Crick wa Cambridge walitoa maelezo yao kwenye jarida la Nature tarehe 25 Aprili 1953, katika kurasa zisizojaa mbili. Franklin alifariki mwaka 1958 akiwa na miaka 37. Tuzo ya Nobel ya 1962 ikaenda kwa Watson, Crick na Wilkins.

Umbo lenyewe ni nyuzi mbili zilizozungukana, moja ikielekea juu na nyingine chini. Sukari na fosfeti zimekaa nje, besi zimeangalia ndani. A hukutana na T, G hukutana na C, kila mara kubwa na ndogo, na kwa hiyo upana wa ngazi ni uleule kutoka mwanzo hadi mwisho, kama nanomita 2. Kila jozi iko umbali wa nanomita 0.34 kutoka jirani yake, na mzunguko mmoja una jozi 10 hivi.

Tulitazame umbo hili kwa karibu. Kwenda kwa urefu, sukari na fosfeti zimeunganishwa kwa vifungo vya kemia vilivyo imara. Kuvikata kunahitaji nguvu au kimeng'enya maalumu. Kwenda kwa upana, besi zinashikana kwa vifungo vya haidrojeni tu, viwili kati ya A na T, vitatu kati ya G na C. Kifungo kimoja cha aina hii ni hafifu mno, huachia na kushika tena kwa mtikiso mdogo wa joto. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa: mamilioni ya vifungo hivyo, pamoja na namna besi zinavyolaliana kama sahani kwenye kabati, huushika uzi mzima ukatulia. Ukiupasha joto la nyuzijoto 95 hivi, pande mbili huachana bila uzi kukatika. Ukiupoza, kila A huitafuta T yake.

Kama pande hizo zingefungwa kwa nguvu ileile ya pembeni, tungekuwa na ukumbusho wa mawe usiofunguka, na mlango usiofunguka ni ukuta. Kama pembeni pangekuwa legevu kama katikati, mpangilio wa herufi ungevurugika kila seli inapojinyoosha. Yanayofuata yote, kunakili, kusoma na kukarabati, yanategemea ugumu huu wa upande mmoja na wepesi wa upande wa pili.

Mita mbili ndani ya tundu la sindano

Seli moja ya binadamu ina jozi bilioni 6 hivi, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba, katika kromosomu 46. Zikinyooshwa na kuungwa zinafika kama mita 2. Kiini kinachozihifadhi kina upana wa takriban sehemu moja ya mia ya milimita. Hapa tena fosfeti inafanya kazi. Chaji yake hasi huvutwa na protini ziitwazo histoni, zenye chaji chanya, na DNA hujizungusha juu yake kama uzi kwenye kibiringo, jozi 147 kwa kila kibiringo. Vibiringo hupangwa na kukunjwa tena na tena.

Ufungaji huu una kazi zaidi ya kubana nafasi. Sehemu iliyofungwa sana haisomeki, iliyolegezwa husomeka. Seli ya ini na seli ya neva zina kitabu kilekile; tofauti yao ni kurasa zipi zimeachwa wazi.

Kunakili, na herufi za uongo

Seli ikitaka kugawanyika, vimeng'enya hufungua uzi katikati kama mtu afunguaye zipu. Kila upande unatosha kuonyesha mwenzake ulikuwaje: penye A weka T, penye G weka C. Mwaka 1958 Matthew Meselson na Franklin Stahl walithibitisha kwamba kila nakala mpya ina uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya.

Mwandishi wa nakala ni kimeng'enya kiitwacho polimerasi. Nyukleotidi inayoingia huja na fosfeti tatu. Mbili hukatwa na kutoa nishati ya kuiunganisha. Kila herufi huja na nauli yake mkononi. Lakini polimerasi ina masharti: huongeza herufi kwenye ile kulabu ya kaboni ya 3 peke yake. Kwa kuwa nyuzi mbili zinaelekea pande tofauti, uzi mmoja huandikwa mfululizo na wa pili huandikwa kwa vipande vifupi vinavyoungwa baadaye, jambo lililogunduliwa Japani miaka ya 1960 na Reiji na Tsuneko Okazaki. Polimerasi ikikosea husita, hurudi nyuma, hung'oa herufi mbovu na kuendelea. Wakaguzi wengine hupita baada yake, na mwishowe kosa linalobaki ni chini ya moja kwa kila herufi bilioni.

Sharti hilo la kulabu ndilo linalookoa maisha ya watu wengi Afrika Mashariki kila siku. Virusi vya UKIMWI hubeba habari zao kwa RNA, na vikiingia kwenye seli hulazimika kuzigeuza kuwa DNA kwa polimerasi yao wenyewe. Kidonge cha kufubaza virusi kinachotumiwa na wengi sasa kina dawa tatu, na mbili kati yake, tenofovir na lamivudini, ni herufi za uongo. Ya kwanza inajifanya A, ya pili inajifanya C, na zote hazina kulabu ya kupokea herufi inayofuata. Polimerasi ya virusi, ambayo si makini, huziokota na kuzipachika, na sentensi hukatikia hapo. Polimerasi zetu ni wachaguzi zaidi, kwa hiyo huziokota kwa nadra. Anayemeza kidonge hicho usiku anaitegemea kemia ya kaboni ya 3, awe analijua jina hilo au halijui.

Kusoma, na herufi moja ya selimundu

DNA haitoki kwenye kiini. Jeni ikitakiwa, sehemu yake hufunguliwa, upande mmoja ukanakiliwa kuwa RNA, na nakala hiyo ndiyo inayotoka kwenda kwenye ribosomu, viwanda vya protini. Huko husomwa herufi tatu tatu. Herufi nne zikipangwa tatu tatu hutoa maneno 64: maneno 61 hutaja asidi amino 20, na matatu husema "acha". Mwaka 1961 Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walisoma neno la kwanza, UUU. Kufikia 1966 kamusi ilikuwa imekamilika. Kamusi hiyo karibu ni moja kwa viumbe wote, kuanzia mgomba hadi mbu na mwenye kuumwa na mbu. Kwa sababu hiyo jeni ya insulini ya binadamu iliweza kupandikizwa kwenye bakteria, na bakteria akaisoma bila mkalimani.

Tuchukue neno moja. Kwenye kromosomu ya 11 ipo jeni ya sehemu ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Neno la asidi amino ya 6 kwa kawaida ni GAG, maana yake asidi glutamiki. Kwa baadhi ya watu herufi ya katikati ni T, neno likawa GTG, maana yake valini. Asidi glutamiki ina chaji na hupenda maji, valini huyakimbia. Hemoglobini inapoachia oksijeni, valini hiyo hutafuta pa kujificha na kukipata kishimo kwenye hemoglobini ya jirani. Zinashikana, zinajipanga kuwa vijiti, na vijiti vinaivuta seli nyekundu mpaka inapinda kama mundu. Ndipo mtoto anapopata maumivu ya mifupa, upungufu wa damu, na hatari ya kiharusi. Ni selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nayo.

Kwa nini herufi mbaya hivyo haikupotea? Jibu lilitoka hapa kwetu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipita mwaka 1949 akikusanya damu za jamii mbalimbali. Aliona kwamba wenye nakala moja ya herufi hiyo ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni wachache kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ramani ilikuwa ileile ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wake: mwenye nakala moja haugui selimundu, na malaria kali humpata kwa nadra. Katika baadhi ya jamii zetu mtu mmoja kati ya watano, au zaidi, ana nakala hiyo. Wazazi wawili wenye nakala moja moja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata zote mbili. Herufi moja, kwa mazingira ya mbu, ni kinga kwa huyu na ugonjwa kwa yule. Haiwezekani kuihukumu jeni bila kuuliza imekaa wapi na pamoja na nini.

Jeni zinazoandika protini, ambazo ni kama 20,000, zinachukua asilimia 1 hadi 2 tu ya DNA yetu. Sehemu inayobaki ina swichi za kuwasha na kuzima jeni, masalia ya virusi vya kale, na marudio marefu.

Kuharibika na kukarabatiwa

DNA imezama kwenye maji yenye joto, na maji huiharibu. Kila siku, katika kila seli, sitosini kama 100 hupoteza sehemu ya naitrojeni na kugeuka urasili. Hapa ndipo tunapopata jibu la swali ambalo wanafunzi wengi hulikariri bila kuliuliza: kwa nini DNA itumie thimini wakati RNA inaridhika na urasili? Kama DNA ingekuwa na U zake halali, mkarabati asingejua U ipi ni ya asili na ipi ni C iliyoharibika. Kwa kuwa DNA hutumia T, kila U inayoonekana humo ni mgeni. Hung'olewa, na G iliyo ng'ambo huonyesha kwamba palikuwa na C. Tomas Lindahl, aliyefichua njia hii, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015 pamoja na Paul Modrich na Aziz Sancar.

Jua nalo lina dhara lake. Miale ya urujuanimno huzigandisha thimini mbili zilizo jirani kwenye uzi mmoja, zikashikana zenyewe na kuiacha jozi. Melanini ya ngozi hutandazwa juu ya kiini kama mwavuli kuizuia miale hiyo. Watu wengi wenye ualbino Tanzania wamepungukiwa na kipande cha herufi kama 2,700 kwenye jeni iitwayo OCA2, melanini ikawa haba, na mwavuli haupo. Kofia pana na mafuta ya kukinga jua ni vifaa vya kulinda thimini, na anayeviita urembo hajajua kinachotokea kwenye seli ya ngozi saa sita mchana.

Nasaba, mwishowe

Sasa turudi kwenye jina letu. Watu wawili wowote wanafanana herufi 999 hivi katika kila 1,000. Sehemu ndogo inayobaki ndiyo maabara hutazama, hasa pale herufi chache zinapojirudia mara nyingi na idadi ya marudio inatofautiana kati ya mtu na mtu. Huo ndio msingi wa kesi za uzazi na za jinai.

DNA nyingine imo kwenye mitokondria, nje ya kiini: duara dogo la jozi 16,569 tu, ambalo mtu hulipata kwa mama. Kromosomu ya Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mifupa ya watu 80, hasa kutoka miji ya kale ya pwani ya Kenya na Tanzania, ikiwemo Mtwapa na Kilwa, wengi wao wakiwa wa kati ya miaka 1250 na 1800. Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia wa Kenya, alikuwa miongoni mwa walioongoza. Kwa wengi wao zaidi ya nusu ya urithi ulikuwa wa Kiafrika, hasa kwa upande wa mama, na sehemu kubwa ya uliobaki ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wenye asili ya Uajemi. Mchanganyiko ulianza yapata mwaka 1000. Simulizi za Washirazi, za kwamba mababu zao walitoka Uajemi, zilizobezwa na wengi kuwa hadithi za kujikweza, zilikuta ushahidi kwenye meno na mifupa. Walioudai Uswahili kuwa zao la wageni nao walijibiwa, kwani mabibi walikuwa wa hapahapa, na lugha tunayoandikia ni yao. DNA ilionyesha nani alizaa na nani. Uswahili wenyewe haukuandikwa kwa A, G, C na T.

Dawa mbili za herufi moja

Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya kwanza ya kuhariri jeni kwa ajili ya selimundu, na Marekani ikafuata mwezi uliofuata. Seli mama za uboho wa mgonjwa hutolewa, na kipande cha RNA chenye herufi 20 za mwongozo hutumwa kutafuta sehemu inayolingana nazo kwenye DNA. Uzi unapoachia katikati, RNA hujipanga na upande mmoja, herufi kwa herufi, na kimeng'enya hukata hapo. Herufi ya ugonjwa haiguswi. Kinachokatwa ni sehemu ya swichi iliyokuwa imezima hemoglobini ya kichanga, ile aliyozaliwa nayo mgonjwa, na hemoglobini hiyo ikirudi, vijiti havijengeki. Bei yake Marekani inazidi dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja.

Haidroksiyurea nayo huongeza hemoglobini ya kichanga. Ni kidonge cha zamani, na hufanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya kinachogeuza nyukleotidi za RNA kuwa nyukleotidi za DNA. Uboho ukibanwa kwa malighafi, hubadili aina ya damu inayotoa. Majaribio yaliyofanyika Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda, yakachapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba watoto wanaoitumia walipata maumivu machache, waliongezewa damu kwa nadra, na hata malaria na vifo vilipungua.

Dawa hizi mbili zinapita mlango mmoja, ule wa nyukleotidi. Moja inahitaji hospitali chache za dunia, nyingine inahitaji mtoto ajulikane mapema kwa tone la damu kutoka kisiginoni, na kidonge kisiadimike kwenye duka la dawa la wilaya. Sayansi ya neno la 6 imekwisha kukamilika kwa damu zilizochotwa mikononi mwetu. Kilichobaki kwenye deni ni kidonge.